Chombo Rahisi cha GPS: Je, Chamtosha Anayeanza Mchezo wa Kutafuta Kasha?



Mwanachama wetu mmoja ametuletea swali ambalo si la karafuu, lakini twaona yafaa kulijibu hapa, kwa sababu laweza kumwokolea mtu fedha, na pengine kumwepusha na ugomvi. Binti yake ameolewa Kahe, bondeni chini ya Moshi. Wajukuu zake wamefundishwa na mwalimu wao mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa kwa kufuata chombo cha GPS, nao wamemwomba babu awapelekee chombo hicho atakapokwenda kuwatazama wakati wa likizo.

Babu alipokwenda kuuliza dukani, aliambiwa kuwa chombo cha bei ndogo hakifai hata kwa mwanafunzi, na kwamba hana budi kununua chenye ramani ya rangi, dira ya ndani na mengine mengi, kwa bei iliyo mara kadhaa zaidi. Sasa auliza mambo mawili. La kwanza, je, ni kweli aliyoambiwa? La pili, chombo hicho kikiisha kununuliwa, je, hakiwezi pia kumaliza maneno yaliyopo baina yake na jirani yake juu ya mpaka wa shamba la mikarafuu?

Majibu yetu kwa ufupi ni haya. Kwa mchezo, chombo rahisi chatosha kabisa, na mara nyingi anayeanza akikosa kasha kosa si la chombo bali ni la mtumiaji. Kwa mpaka wa shamba hakitoshi, na asikitumie. Sababu zake ni hizi.

Ni mchezo gani huu

Jina lake la kigeni ni jiokachingi, lakini hapa tutauita mchezo wa kasha. Mtu huchukua mkebe au kasha dogo lisiloingia maji, hutia ndani daftari na kalamu, na pengine vitu vidogo vya kubadilishana. Kisha hulificha mahali pasipo na madhara, kama vile katika tundu la mti au chini ya jiwe. Huandika namba za mahali pale, yaani latitudo na longitudo, akazitangaza kwa wachezaji wengine kwa njia ya intaneti. Mwenye kutaka kutafuta huzitia namba zile katika chombo chake, hufuata mshale mpaka karibu, halafu hutafuta kwa macho na mikono. Akilipata huandika jina lake na tarehe, na hulirudisha vile vile alivyolikuta. Akichukua kitu, huacha kingine chenye thamani ile ile au zaidi.

Mchezo huu una mwanzo unaojulikana. Zamani Serikali ya Marekani, ambayo ndiyo mwenye GPS, ilikuwa ikitia kosa la makusudi katika habari walizopata watu wasio askari, hata mtu aliweza kuonyeshwa mahali palipo mbali naye kiasi cha mita 100. Kosa hilo liliondolewa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000. Siku iliyofuata, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, akatangaza namba zake. Haikupita siku nyingi ndoo ikapatikana. Leo makasha ya namna hiyo ni zaidi ya milioni 3, nayo yapo katika mabara yote.

Tukumbuke basi kwamba watu wa mwaka 2000 walioanza mchezo huu walikuwa na vyombo vya zamani, vingi havina ramani wala rangi, vyenye mshale na namba tu. Chombo rahisi kinachouzwa leo si duni kuliko vile, na mara nyingi ni bora. Hiyo peke yake ni nusu ya jibu.

Chombo hujuaje mahali kilipo

Setilaiti za GPS zinazofanya kazi ni kama 31. Zinaizunguka dunia kwa juu, kiasi cha kilomita 20,200 kutoka hapa tulipo, na kila moja humaliza mizunguko miwili kwa muda wa siku moja hivi. Ndani ya kila setilaiti mna saa isiyopoteza majira, na kila mara hutoa habari kwa redio: mimi ni fulani, nipo mahali fulani, na saa yangu yasema hivi.

Chombo cha mkononi hakipeleki kitu huko juu. Husikiliza tu, kama redio ya nyumbani. Hiyo ndiyo sababu hakuna malipo ya kukitumia, wala hakihitaji mtandao wa simu. Husikia habari ya setilaiti, huona imechelewa kiasi gani njiani, na kwa kuchelewa huko hupata umbali. Ni kama sisi tunavyoona umeme wa radi kisha tukahesabu mpaka ngurumo ifike, tukajua mvua iko karibu au iko mbali. Tofauti ni kwamba redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja, kwa hiyo kukosea sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kukosea mita 300. Chombo kikipata setilaiti nne huweza kujua mahali kilipo na pia kusahihisha saa yake chenyewe, ambayo si nzuri kama zile za juu.

Sasa twaweza kuona jambo la maana. Chombo cha bei ndogo na cha bei kubwa husikiliza setilaiti zile zile. Sehemu kubwa ya fedha inayozidi ni ya ramani, kioo cha rangi, dira, nafasi ya kuweka picha, na mambo kama hayo. Ni kweli kwamba baadhi ya vyombo vipya vya bei kubwa husikia mawimbi ya namna mbili kwa mara moja, navyo hufanya vizuri zaidi chini ya miti na kando ya magenge. Lakini hiyo ni nyongeza kwa aliyekwisha kuujua mchezo, wala si sharti la kuanza.

Mita tano chini ya mbingu iliyo wazi

Chombo rahisi kikiwa mahali pa wazi, kwa kawaida humweka mtu ndani ya mita 3 mpaka 10 za mahali penyewe. Serikali ya Marekani yasema kwamba hata simu ya mkononi yenye GPS, chini ya mbingu iliyo wazi, hufika ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 4.9.

Kahe ni mahali pazuri kwa anayeanza. Ni nchi tambarare, na sehemu nyingi mbingu yaonekana pande zote. Mlima Kilimanjaro uko kaskazini, na ingawa ni mrefu, kilele chake ki mbali zaidi ya kilomita 40, kwa hiyo waziba sehemu ndogo tu ya chini ya mbingu. Kando ya mashamba na barabara, chombo rahisi kitafanya kazi sawasawa na kile cha bei kubwa.

Ukiingia katika msitu wa Kahe, au katika miti mikubwa ya penye chemchemi za Miwaleni, mambo hubadilika. Majani mengi, na zaidi yakiwa yamelowa maji, hudhoofisha sauti ya setilaiti. Vigogo na magenge huirudisha kama mwangwi, na chombo hudhani njia ilikuwa ndefu kuliko ilivyo. Hali ni hiyo hiyo ukipanda miteremko ya mlima penye migomba na kahawa, khasa ukiteremka katika makorongo ya mito, ambako mbingu huonekana kama ukanda mwembamba. Hapo kosa laweza kufika mita 15, 20 au zaidi.

Wanachama wetu hawana haja ya kwenda mbali kuliona jambo hili. Simama na chombo katika uwanja wa kuanikia karafuu, utaona namba zimetulia. Kisha ingia bondeni chini ya mikarafuu mikubwa baada ya mvua ya masika, utaziona zikichezacheza. Chombo hakikuharibika, ila hakisikii vizuri.

Jambo jingine ni la safari. Kutoka Pemba mpaka Kahe ni zaidi ya kilomita 300 kwa mstari ulionyoka. Chombo kilichozimwa muda mrefu na kuchukuliwa mbali huhitaji kukusanya upya habari za setilaiti, na orodha yao nzima huchukua dakika 12 na nusu kupokewa. Babu akifika, na akiweke nje mahali pa wazi, akanywe chai kwanza. Watoto wakianza kukimbia nacho papo hapo watapotezwa, na watasema babu ameuziwa kitu kibovu.

Makosa yasiyo ya chombo

Sasa twaja kwenye makosa yanayomkosesha anayeanza. Chukua mfano wa mahali fulani Kahe penye namba hizi: kusini nyuzi 3 na dakika 29.500, mashariki nyuzi 37 na dakika 26.000. Hivi ndivyo wachezaji wa kasha waandikavyo, yaani nyuzi, kisha dakika zenye desimali tatu. Dakika moja ni kiasi cha mita 1,850, kwa hiyo tarakimu ya mwisho kabisa ni kama mita mbili tu.

Kosa la kwanza ni kusahau kusini. Vyombo vingine huanza vikiwa vimewekwa upande wa kaskazini. Mtoto akitia nyuzi 3 na dakika 29.500 za kaskazini badala ya kusini, mshale utamwelekeza kaskazini mwa Kenya, katika nchi kavu ya upande wa Marsabit, zaidi ya kilomita 700 kutoka Kahe. Kosa hili ni kubwa mno hata huonekana mara moja, na kwa sababu hiyo halina hatari.

Kosa la pili ni kuchanganya desimali na sekunde. Dakika 29.500 ni dakika ishirini na tisa na nusu, yaani dakika 29 na sekunde 30. Mtu akiisoma kama dakika 29 na sekunde 50, atakwenda mahali palipo zaidi ya mita 600 kutoka kwenye kasha. Hili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu mtu hufika mahali panapofanana na penyewe, akatafuta mchana kutwa.

Kosa la tatu ni kuzigeuza namba zote kuwa nyuzi za desimali, mtu akaandika 3.29500 na 37.26000. Atakuwa ameondoka Kahe na kupelekwa kilomita 29 hivi, mpaka miteremko ya mlima ya upande wa Machame. Ukitaka kuandika kwa nyuzi za desimali sharti kwanza ugawanye dakika kwa 60. Hapo utapata 3.49167 na 37.43333.

Kosa la nne ndilo lenye siri zaidi, nalo ni la ramani. Ramani kubwa za karatasi za Tanzania, zile za kipimo cha 1:50,000, zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960. GPS na mchezo wa kasha hutumia msingi mwingine uitwao WGS 84. Misingi hii miwili huhesabu mahali pamoja kwa namba mbili tofauti. Mtu wa Kahe akisoma namba katika ramani ya zamani na kuzitia katika chombo kilichowekwa WGS 84, atapelekwa zaidi ya mita 300 kutoka mahali alipokusudia, na sehemu kubwa ya kosa hilo ni kuelekea kaskazini. Dawa yake ni nyepesi. Katika chombo mna mahali pa kuchagua msingi, na hata vyombo rahisi vingi vina orodha yake. Kwa mchezo, acha WGS 84. Kwa ramani ile ya karatasi, chagua Arc 1960, na ukimaliza urudishe.

Tazama basi. Chombo rahisi hukosea mita 5 au 10, na kukosea msingi ni mita 300. Mtu aliyenunua chombo cha bei kubwa akasahau kuuweka msingi atakosa kasha, na mwenye chombo rahisi aliyeweka sawa atalipata.

Mshale, na hatua za mwisho

Vyombo vingi rahisi havina dira ya ndani. Vyajua unakokwenda kwa sababu unakwenda tu. Ukisimama, mshale huzunguka ovyo. Watoto wengi hufika karibu, husimama, huona mshale unageuka huku na huku, wakafuata kila unapoelekea. Hiyo si njia.

Njia yenyewe ni hii. Ukiwa umebakiza mita 30 hivi, tembea kwa mwendo ulionyoka na uangalie mshale unaelekea mti gani au jiwe gani. Kisha zunguka, uje tena kutoka upande mwingine, utazame tena. Mahali mistari yako miwili au mitatu inapokutana ndipo pa kutafuta. Hapo kitie chombo mfukoni. Hakuna chombo cha mkononi, kiwe rahisi au ghali, kitakachokuonyesha mkebe wenyewe. Jiulize, lau ningekuwa mimi, ningeuficha wapi? Tafuta jiwe lililokaa si kama mengine, au vijiti vilivyopangwa na mkono wa mtu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika mchezo huu huinama kwelikweli. Ila asitie mkono katika tundu asiloliona ndani. Atumie fimbo kwanza, kwa ajili ya nyoka na nge.

Anayeficha huhitaji uangalifu zaidi kuliko anayetafuta, kwa sababu kosa lake hurithiwa na kila atakayekuja. Ikiwa mfichaji amekosea mita 8 na mtafutaji naye amekosea mita 8 upande wa pili, watakuwa mbali kwa mita 16. Kwa hiyo mfichaji aweke chombo mahali pale kwa dakika kadhaa mpaka namba zitulie, aziandike, kisha arudi saa nyingine au siku nyingine azisome tena, na achukue wastani. Kwa njia hii chombo rahisi hutoa namba nzuri. Aangalie pia kwamba ile namba ya "usahihi" inayoonyeshwa kwenye kioo ni makisio ya chombo chenyewe. Ikisema mita 4, si ahadi kwamba hutakosea mita 7.

Cha kutazama dukani

Kwanza, aliye na simu ya mkononi ya kisasa hana haja ya kununua kitu kabla ya kujaribu. Simu hizo zina kipokezi cha GPS ndani, nazo hufanya kazi hata pasipo mtandao, mradi ramani na namba zimetiwa mapema. Hasara yake ni betri kuisha upesi, na kioo kuvunjika au kuingia maji.

Chombo rahisi cha GPS kina faida hapo. Kikianguka hakivunjiki upesi, hakiogopi mvua, na aina nyingi hutumia betri mbili ndogo zinazopatikana katika duka lolote la kijijini. Kwa mfano, Garmin eTrex 10, iliyotoka mwaka 2011, haina kioo cha rangi wala dira ya ndani, lakini betri mbili huiendesha saa zipatazo 20, na husikia pia setilaiti za Urusi ziitwazo GLONASS.

Ukinunua kilichokwisha kutumika, kiwashe nje ya duka mahali pa wazi na ungoje mpaka kionyeshe mahali. Kisha tazama tarehe. GPS huhesabu majuma, na hesabu ya zamani hurudi sifuri kila baada ya majuma 1,024. Ilirudi mwaka 1999, na tena mwezi wa Aprili 2019. Vyombo vingine vya zamani tangu hapo huonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita, ingawa mahali huweza kuonyesha sawa. Kwa mchezo si kitu, lakini ni haki yako kujua kabla ya kulipa. Tazama pia kama mahali pa betri pana kutu, na kama vitufe vyote vyabonyezeka.

Mpaka wa shamba

Sasa swali la pili, ambalo ndilo zito. Tangu zamani mchumaji wetu amepimiwa karafuu mbichi kwa pishi, na kazi imekwenda vizuri. Lakini karafuu kavu zikifika kituoni, hakuna atakayekubali zipimwe kwa pishi. Zataka mizani. Pishi si kitu kibaya, ila ina kazi yake. Chombo rahisi cha GPS ni pishi.

Hesabu yake ni wazi. Mikarafuu hupandwa kwa nafasi ya mita chache, na kosa la kawaida la chombo rahisi, khasa chini ya miti hiyo hiyo, latosha kuvuka mstari mzima wa mikarafuu. Ukipima leo asubuhi, mkarafuu wa mpakani ni wako. Ukipima kesho jioni, ni wa jirani. Naye jirani akija na chombo chake, atapata jibu la tatu. Hapo chombo hakikumaliza maneno, kimeyaongeza, na kila mmoja sasa anadai kwamba setilaiti ni shahidi wake.

Wapima ardhi hutumia GPS pia, lakini si ya namna hii. Wao huweka chombo kimoja juu ya alama iliyokwisha kupimwa, na kingine juu ya mahali pa kupima, na vyote viwili husikiliza kwa pamoja. Makosa yanayofanana huondolewa, na kinachobaki huweza kuwa sentimita chache. Kilimanjaro ni mfano. Mwaka 1952 mlima ulipimwa kwa njia ya zamani ya pembetatu ukapatikana kuwa mita 5,895, na hiyo ndiyo namba inayojulikana kwa watu mpaka leo. Mwaka 1999 wataalamu walipima kwa GPS ya namna hiyo wakapata mita 5,892, na mwaka 2008 wakapata karibu mita 5,891. Wataalamu walijadili tofauti ya mita tatu au nne juu ya mlima mzima. Mwenye chombo rahisi hawezi kuingia katika mjadala huo, maana katika kupima kwenda juu hukosea zaidi kuliko katika kupima mahali. Kadhalika asiingie nacho katika mjadala wa mpaka. Amwite mpima aliyesajiliwa, mbele ya jirani na wazee wanaoijua ardhi ile.

Adabu ya kutafuta

Neno la mwisho ni la wajukuu wa Kahe. Mtu mgeni anayetembea katika shamba la mwenziwe akitazama chombo mkononi, akisimama, akiandika namba, huogopesha watu. Wenye shamba hudhani ardhi yao yapimwa ili ichukuliwe. Hofu hii haina ubaya, na hata sisi tungeiona vivyo hivyo katika mashamba yetu. Kwa hiyo kabla ya kuficha au kutafuta, watoto waende na mtu mzima wa pale, wamwombe ruhusa mwenye mahali, na mwenyekiti wa kitongoji ajue. Wamwonyeshe mkebe na daftari lake. Mzee akiisha kuona kuwa ni mchezo, pengine atawaonyesha mahali pazuri zaidi pa kuficha.

Kasha lisifichwe kando ya reli. Kahe ni kituo cha njia itokayo Tanga kwenda Moshi na Arusha, wala si mahali pa watoto kuinama wakitafuta. Lisifichwe penye chemchemi wanakoteka watu maji. Katika msitu wa hifadhi sharti ruhusa ipatikane kwanza. Wala lisifukiwe ardhini, kwani kanuni za mchezo zakataza kuchimba, na Kahe kuna sababu zaidi: mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana hapo. Mtoto akiona chuma cha zamani kilichojitokeza ardhini, asikiguse, amwite mkubwa.

Basi mwanachama wetu na anunue chombo rahisi kwa moyo mweupe, na fedha iliyobaki imtoshe kwa nauli na betri za akiba. Akifika Kahe akiwashe nje, angoje kitulie, aweke WGS 84, na awafundishe wajukuu kuandika namba pole pole na kuzisoma tena mara ya pili. Akirudi nyumbani, chombo akiache huko huko Kahe kwa watoto, na kwa habari ya mpaka akaketi na jirani yake.